Mwongozo kamili: kuiandikia biashara malengo ya kulinda mazingira na bayoanuai, bila kukimbilia "tutapanda miti"

Kila mwaka mvua zikikaribia hapa Dodoma napigiwa simu zilezile. Kaka, benki wanataka malengo yetu ya mazingira. Kaka, mnunuzi wa nje katuma fomu ina kipengele cha bayoanuai, tumejaza wameturudishia. Nikiomba nione walichojaza nakuta mstari mmoja, "Kampuni itapanda miti 10,000", basi. Hakuna wapi, hakuna miti gani, hakuna nani atamwagilia mwezi wa nane, na kubwa zaidi hiyo miti haihusiani kabisa na kazi inayofanyika pale kila siku.

Nimechoka kuelezea kwenye simu kipande kipande kwahiyo naandika yote hapa. Nitakwenda na mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho, kiwanda cha kukamua alizeti upande wa Kongwa, maana wengi mnaoniuliza mko huko, ila wa hoteli, wa zabibu na wakandarasi nao nitawagusa njiani. Namba za kwenye mfano ni za kuelekezea tu, za kwako utazipata ukipima.

Na bayoanuai, kwa wale wanaoliandika tu bila kulielewa, ni ule utofauti wa viumbe hai wa sehemu fulani, kuanzia mbuyu na nyuki mpaka vijidudu vya kwenye udongo, pamoja na jinsi vinavyotegemeana.

## Andaa hivi kwanza

- Kaunta buku moja. Kompyuta baadaye.
- Simu yenye GPS, na uwe umepakua Google Earth.
- Bili na risiti za miezi 12: maji, umeme, kuni, mkaa, malighafi, viuatilifu.
- Vibali vyote: cheti cha mazingira cha NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira), kibali cha kutumia maji kama una kisima, na vibali vya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, vya huyo anayekuuzia kuni (vyake, sio maneno yake).
- Mita ya maji kwenye kisima. Kama haipo, ifunge wiki hii, usisubiri umalize kusoma.
- Siku 4 au 5 za kutembea nje ya ofisi.
- Mtu mmoja mwenye kauli kwenye pesa ambaye ameshasema ndiyo mbele ya watu.

Hicho cha mwisho watu wanakiruka. Lengo lililoandikwa na afisa mazingira peke yake linakufa siku ya bajeti, nimeshaona zaidi ya mara tatu.

## Hatua ya 1: Anzia geti la nyuma

Usianzie kwenye ofisi ya meneja, huko utaonyeshwa kalenda na cheti cha ukutani. Zunguka nyuma, kwenye kuni, kwenye mfereji wa maji machafu, kwenye dampo. Kila kinachoingia na kila kinachotoka kiandike, na pembeni andika kimetoka wapi au kinakwenda wapi.

Kwa kiwanda chetu cha alizeti orodha inakuwa hivi: mbegu kutoka kwa wakulima, maji ya kisima, kuni za boila, umeme, magunia, halafu vinatoka mafuta, mashudu, majivu, maji ya kuoshea yenye mafuta, moshi.

Ukimaliza, kila mstari uulize maswali mawili. La kwanza, hiki kinaharibu nini? La pili ambalo karibu wote wanalisahau, hiki kinategemea nini? Alizeti inategemea nyuki. Shamba likikosa nyuki, kichwa cha alizeti kinatoka kikubwa na kizuri ila ukikipasua katikati unakuta punje tupu, maganda matupu, na wewe mwenye kiwanda unanunua gunia jepesi halina mafuta. Kwahiyo nyuki ni mali ya kiwanda ingawa hawapo kwenye vitabu vya mhasibu.

Kama hujui pa kuanzia kwa sekta yako, kuna zana ya bure mtandaoni inaitwa ENCORE, inaonyesha kila aina ya biashara inategemea nini na inagusa nini kwenye mazingira. Inasaidia usisahau kitu, ila haijui korongo lako.

Wanasayansi wa IPBES, jopo la kimataifa la bayoanuai, kwenye ripoti yao ya mwaka 2019 walitaja visababishi vikuu vitano vya kupotea kwa bayoanuai: kubadilisha matumizi ya ardhi na bahari, kuvuna kupita kiasi, mabadiliko ya tabianchi, uchafuzi, na viumbe vamizi. Pitisha orodha yako kwenye hivyo vitano. Hicho cha viumbe vamizi msikidharau. Gugu karoti mbegu zake ni ndogo sana, zinasafiri kwenye magunia, kwenye matope ya tairi za lori, na likishaingia kwenye malisho ng'ombe hawalitaki.

Onyo: usiruhusu mtu aseme "sisi ni biashara ndogo hatugusi mazingira". Mama lishe mwenye majiko manne anagusa.

Umefanikiwa kama: una ukurasa mmoja au miwili, na kuna angalau kitu kimoja ambacho meneja hakuwa anakijua.

## Hatua ya 2: Kila kitu kipe mahali

Kuni za "Kongwa" sio mahali. Kijiji gani, pori gani, upande gani wa mlima? Hapa ndio unatumia zile siku za kutembea.

Sababu ni kwamba madhara ya mazingira yana anuani. Lita 1,000 za maji zikitolewa sehemu ya mvua nyingi sio sawa na lita 1,000 zikitolewa hapa kwetu ambako kwa kawaida mvua ni milimita 500 na kitu mpaka 600 kwa mwaka, zote zinashuka kati ya Desemba na Aprili, halafu jua. Hata ndani ya mkoa kuna tofauti. Maji ya Kongwa na Mpwapwa yanakwenda Kinyasungwe mpaka Wami, hilo ni Bonde la Wami/Ruvu. Mto Bubu wa Kondoa unaishia kwenye mbuga ya Bahi, Bonde la Kati, hauoni bahari. Kusini huko maji yanaingia bwawa la Mtera, hilo ni Bonde la Rufiji. Bodi za maji ni tofauti, shida ni tofauti, kwahiyo andika bonde lako.

Ukifika eneo, weka alama ya GPS, halafu fungua Google Earth ya kwenye kompyuta urudishe picha nyuma mwaka baada ya mwaka. Utaona lini pori liligeuka shamba. Global Forest Watch, tovuti inayoonyesha misitu inavyopotea kwa picha za satelaiti, nayo ni bure, ila kwa vichaka vya kwetu vya ukame usiiamini peke yake, iliundwa kwa misitu yenye miti mikubwa zaidi, pori la migunga iliyotawanyika linaweza kufyekwa lisionekane vizuri.

Wanaonunua mbegu upande wa Manyoni waangalie mara mbili. Vile vichaka vya Itigi, ambavyo ukiingia unatoka na nguo imechanika, havipo kwingine duniani zaidi ya hapo na kipande cha kaskazini mwa Zambia. Alizeti iliyolimwa kwenye kichaka kilichofyekwa juzi ni tatizo la kwenye lengo lako hata kama jembe alilishika mkulima.

Na wakandarasi, nyie eneo lenu ni korongo la mchanga. Niliwahi kwenda na dereva wa tipa kwenye korongo moja nje ya mji, tukamkuta mama mmoja kapiga magoti anachota maji kwa kikombe kwenye kishimo alichochimba mchangani. Tukamsalimia, mbukwenyi mama, akaitikia vizuri, halafu akamgeukia dereva akamwambia mwanangu, zamani nilikuwa nachimba mpaka hapa, akaonyesha kiwiko, sasa hivi naingia mpaka kiunoni. Mchanga ndio tanki la lile korongo. Mvua ikipita maji yanakaa katikati ya chembe za mchanga jua halifiki, ukizoa mchanga umezoa tanki. Dereva alikuwa amepita pale miaka yote na hakuwahi kulifikiria hivyo, na kusema ukweli hata mimi.

Onyo: nenda na mwenyekiti wa kitongoji au kijiji, jitambulishe. Ukionekana unapiga picha mapori ya watu na GPS mkononi watadhani umekuja kupima viwanja, Dodoma ya sasa hivi hiyo ni vita.

Umefanikiwa kama: kila mstari mkubwa wa kwenye orodha una jina la kijiji, bonde, na alama kwenye ramani.

## Hatua ya 3: Chagua mawili, mengine yasubiri

Hapa watu wanapata tamaa. Wana mistari 14 wanataka malengo 14. Acha.

Oktoba 2024 kampuni tatu kubwa za Ulaya, GSK ya dawa, Holcim ya saruji na Kering ya mavazi ya kifahari, zilitangazwa kuwa za kwanza kuwa na malengo ya mazingira asilia yaliyohakikiwa kwa utaratibu wa Science Based Targets Network, mtandao wa kimataifa unaosaidia kampuni kuweka malengo kwa kufuata sayansi. Na hela zote zile, kwenye maji kila moja ilianza na bonde moja tu: GSK Upper Godavari kule India, Holcim bonde la Moctezuma huko Mexico, Kering mto Arno nchini Italia. Sasa wewe mwenye mashine mbili za kukamulia unataka kuanza na kila kitu?

Chagua kwa kuuliza: wapi tunaharibu zaidi, wapi hali yenyewe ni mbaya tayari, na wapi tuna uwezo wa kubadilisha? Kitu kinachopata ndiyo kwenye yote matatu ndicho cha kwanza. Kiwanda chetu kinabaki na kuni za boila na mashamba yanakotoka mbegu. Maji kinatumia kidogo, yanasubiri mwaka kesho. Hoteli ya mjini ingekuwa kinyume, kisima na mkaa wa jikoni ndio vingetangulia. Mwenye zabibu angeanza na anachopulizia na saa anayopulizia.

## Hatua ya 4: Pima ulipo leo

Hii ndiyo hatua inayoua malengo mengi, nitakaa nayo.

Bila namba ya kianzio hakuna lengo. "Tutapunguza kuni kwa asilimia 30" ni asilimia 30 ya nini? Kwenye kiwanda kimoja niliuliza mnachoma kuni kiasi gani kwa mwaka, mhasibu akafungua mafaili akanipa shilingi. Shilingi hazisaidii, bei ya tela inapanda na kushuka. Meneja akasema "za kutosha". Nikaenda kwa mzee wa boila, nikamwamkia, nikamuuliza. Hakujibu kitu, akafunga mlango wa chumba cha boila ili nione upande wa ndani. Ulikuwa umejaa mistari ya mkaa, minne minne na mmoja wa kukata, mpaka chini. Kila tela lililoingia tangu msimu uanze. Akasema mi nilikuwa naogopa wasije wakasema nawaibia kuni. Ule mlango ndio ulikuwa rekodi pekee ya mazingira ya kampuni nzima, tukaupiga picha tukauhamishia kwenye daftari.

Kwahiyo kabla hujanunua programu yoyote, muulize anayeshika kazi kwa mikono.

Namna ya kupima kwa mfano wetu:

1. Tela moja pima urefu, upana na kimo cha kuni zilizopangwa, zidisha, upate mita za ujazo. Pima matela matano tofauti, chukua wastani.
2. Zidisha kwa idadi ya matela ya mwaka. Tuseme matela 200 ya mita za ujazo 4, ni 800.
3. Gawanya kwa tani za mbegu zilizokamuliwa. Kama ni tani 2,000 unapata mita za ujazo 0.4 kwa tani.
4. Andika zote mbili, jumla na kwa tani.

Kwanini zote mbili? Kwasababu ukiandika kwa tani tu, uzalishaji ukipanda mara mbili unaweza kujisifu umepunguza huku pori linakwisha. Pori halijui tani zako.

Kwa mbegu, kianzio ni: kati ya wakulima wote tunaonunua kwao, wangapi tunajua mashamba yao yako wapi? Wengi mtaanza na namba ya aibu. Iandikeni hivyohivyo, namba ya aibu ndiyo inayopanda vizuri.

Onyo: usichague mwaka wa ajabu kuwa kianzio. Msimu wa ukame alizeti ilikosekana, mashine zililala, kuni zilikuwa chache. Ukianzia hapo kila mwaka unaofuata utaonekana umefeli. Kama una data ya miaka mitatu chukua wastani.

Umefanikiwa kama: mtu mwingine akichukua daftari lako na futi kamba anapata namba inayokaribiana na yako.

## Hatua ya 5: Andika lengo lenyewe

Lengo lina vitu vitano: nini, wapi, kutoka ngapi kwenda ngapi, lini, nani. Kikikosekana kimoja hilo ni ombi.

Baya: "Tutahifadhi misitu na kutumia nishati mbadala."

Zuri: "Kufikia 30 Juni 2028 boila itapunguza kuni za pori kutoka mita za ujazo 800 kwa mwaka hadi 300, na hizo 300 zitatoka kwa wauzaji wenye vibali vya TFS tu. Msimamizi: meneja uzalishaji."

La pili: "Kufikia msimu wa 2028 tutajua mashamba ya wakulima wanaotupa asilimia 90 ya mbegu, na hatutanunua mbegu kutoka kwenye pori au kichaka cha asili kilichofyekwa baada ya 2020. Msimamizi: meneja ununuzi."

Huo mwaka 2020 sijautoa kichwani, ndio unaotumika kwenye lengo la ardhi la Science Based Targets Network, la kutogeuza maeneo ya asili. Na kwa anayejiuliza benki wametoa wapi haya mambo, Desemba 2022 nchi zilikubaliana Mpango wa Kunming-Montreal wa kulinda bayoanuai wenye malengo 23 ya kufikia 2030, la 15 linataka kampuni kubwa na taasisi za fedha zieleze zinavyotegemea na kugusa bayoanuai. Mkubwa akiulizwa anamuuliza mdogo anayemuuzia, mpaka inakufikia wewe Kibaigwa.

Onyo: kutii sheria sio lengo. Kukaa mita 60 kutoka mtoni au bwawani ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kuwa na kibali cha maji ni sheria. Ukiandika hayo kama malengo, msomaji makini anaelewa kuwa leo unavunja.

## Hatua ya 6: Panga vitendo kwa foleni hii, usiigeuze

Kwanza epuka. Pili punguza. Tatu rudishia. Halafu badilisha mfumo, yaani saidia na wengine wabadilike.

Wanaoanza na miti wameruka foleni. Unapanda huku na kuni zinaingia geti la nyuma.

Kwa kiwanda chetu kuepuka ni kukataa tela lisilo na kibali na kukataa mbegu za kwenye ufyekaji mpya. Kupunguza kuna vitu rahisi kabisa: kuni zikae chini ya bati zikauke miezi kadhaa, maana kuni mbichi sehemu kubwa ya moto inaishia kukausha maji yake yenyewe, funga mabomba ya mvuke kwa kizuia joto, na kama una mashine ya kubangua tumia maganda ya alizeti kama kuni. Maganda yanawaka kwa fujo kwahiyo fundi aangalie boila kwanza.

Kurudishia, hapa sasa karibuni kwenye miti. Ila sio lazima kupanda. Pori lililokatwa mara nyingi lina visiki hai, ukichagua vichipukizi viwili vitatu ukapogolea vingine na ukazuia mbuzi, linarudi lenyewe kwa mizizi iliyokwishafika chini kwenye maji. Kuna kampuni niliwaona wamepanda miche ya mapambo Aprili mwishoni, picha nzuri, tisheti nzuri. Mwezi wa nane tulipita pale ikabaki mifuko na vijiti. Kama lazima upande, panda mvua zikishakolea, miti ya hapahapa, na hesabu inayopona, sio iliyopandwa.

Kubadilisha mfumo ni kama kukaa na AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mkubaliane wakulima wasipulizie dawa asubuhi nyuki wakiwa kwenye maua, wapulizie jioni nyuki wakisharudi, na mizinga iwekwe pembezoni mwa mashamba. Kiwanda peke yake hakiwezi kulazimisha, ila kinaweza kuongeza kidogo kwenye bei ya kilo, hapo watu wanasikia haraka.

Wa hoteli na shule, kama mnalisha zaidi ya watu 100 kwa siku, agizo la serikali la kuachana na kuni na mkaa lilishawafikia. Kwahiyo kwenu rudini kwenye lile onyo la hatua ya 5.

## Hatua ya 7: Tangaza, halafu rudi kupima

Malengo mawili, namba za kianzio, na majina ya vyeo vya wasimamizi, bandika ukurasa mmoja getini kwa Kiswahili. Nakala nyingine benki na kwa mnunuzi. Ya getini ndiyo muhimu zaidi, dereva wa kuni akiisoma habishani tena na mlinzi.

Pima kila mwezi kwenye daftari lilelile, na mara moja kwa mwaka rudi kwenye zile alama za GPS kwa miguu. Nenda Oktoba, kabla ya mvua, kila mwaka mwezi uleule. Ukienda Oktoba mwaka huu na Machi mwaka kesho utaona kijani utashangilia bure.

Ukikosa namba ya mwaka, usibadilishe kianzio. Andika tulipanga 650, tumefika 720, kwasababu maganda yaliisha Septemba, na tutafanya nini. Benki wanaosoma hizi ripoti wameshaona nyingi ambazo kila kitu kimefanikiwa, hizo ndizo wanazozirudisha na maswali.

Na yule mzee wa boila mpeni daftari na kalamu inayoandika, siku ya kikao cha mwaka mumuite asome namba yeye mwenyewe.